Nta

Kwangu gerejini linakuwa mcha Mungu.
Linanguruma chini chini, dung, dung, dung,
kikombe cha chai juu ya boneti hakimwagiki.
"Jana lilipayuka mpaka kuku wakaparamia paa," asema Ayikoru,
"leo limekuja kukuamkia tu."

Mara ya kwanza nikalaumu waya wa mafuta.
Nikauvua, nikaupaka grisi, nikaurudisha.
Mara ya pili springi: nikaweka nyingine,
ya Isuzu iliyokufa nyuma ya choo.
Mara ya tatu nikaondoa zulia la miguuni,
maana nimewahi kuona zulia
likikanyaga mafuta kumshinda dereva.
Kila mara akalipa. Kila mara, baada ya siku tatu, simu:
"Fundi, sikiliza,"
na ndani ya simu injini inalia peke yake,
mguu wa mtu haupo.

Ajiga, kijana wangu, akasema tufungue pampu.
Nikamwambia pampu haifunguliwi kwa hasira.
Usiku nikajua ni woga.
Ugonjwa unaokuja na kuondoka
humfanya fundi mwongo mbele ya mteja
na mteja mwongo mbele ya fundi.

Basi nikaenda kulala Vurra, kwenye banda la mizinga,
nimejifunika gunia linalonuka moshi na asali.
Alfajiri nikaona nilichokuwa sijauliza:
gari limelala pua chini, mteremkoni,
jiwe moja mbele ya gurudumu.
"Betri imechoka. Natoa jiwe, linashuka, linawaka."
Akatoa jiwe. Likashuka. Likawaka.
Likapaza sauti; sawa, asubuhi ina baridi, ni haki yake.
Dakika tano. Kumi. Kumi na tano.
Bado linapaza.
Mpira mkubwa wa redieta unaunguza kiganja.
Nikapapasa ule mwembamba, unene wa kidole,
unaokwenda ubavuni mwa pampu:
baridi kama pua ya mbwa.

Nikamweleza nikiwa nimechuchumaa.
Pale pana kikopo kilichojaa nta.
Nta ikipoa hunywea, sailensa hupanda;
maji ya moto yakifika, nta huvimba,
husukuma kijiti, kijiti huachia wenzo, sauti hushuka.
Alinitazama kama ninayemfundisha bata kuogelea.
Mwanamke huyu amekamua masega miaka ishirini na miwili.
"Nta haina kosa," akasema.
"Nta hufanya ilivyoambiwa na moto.
Tafuta aliyezuia moto."

Hewa.
Mfuniko wa redieta hauna raba,
umezibwa kwa kavera, maji yanapungua kidogo kidogo,
na usiku, pua chini, povu la hewa
huhamia kwenye mpira mwembamba
likakaa humo kama mgeni asiyeaga.
Akija kwangu anapanda kilima.
Kilimani hewa hurudi mbele. Ndio utakatifu wenyewe.

Tukaligeuza pua juu, watu sita tukisukuma,
tukafungua mfuniko, tukamimina maji polepole.
Bluk.
Kimya.
Bluk, bluk.
Ule mpira ukaanza kupata uhai chini ya kidole,
na sauti ikashuka, ikashuka,
kama mtu aliyefoka kisha akakumbuka
kuwa ufunguo anao mwenyewe, mfukoni.

Mfuniko mpya. Betri, alisema, msimu ujao.
Alinilipa nusu pesa, nusu chupa.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini mwezi jana alipiga simu kutoka daraja la Pakwach:
tambarare, maji yamejaa, mfuniko umekaza,
na limepaza sauti, dakika mbili, likanyamaza.
Sikuwa na la kumwambia.
Nimeandika daftarini: Pakwach, saa nane mchana, jua kali.
Ajiga amesoma.
Anapangusa spana ndogo, ile ya pampu,
na haniangalii.